Kushoto, Anko, Kushoto!

Mwongozo kwa yeyote anayetaka kutengeneza chemshabongo ya mazimwi, ya watoto, ya televisheni, akiwa Bwaise, Kampala

Kwanza kabisa, subiri mvua. Usikodi kamera, usimwite mtoto, usiandike hata swali moja kabla haijanyesha. Kuanzia Machi hadi Mei utaipata ya kutosha, na ukichelewa ipo nyingine ya Septemba hadi Novemba. Ikipiga saa moja tu ya maana, mfereji wa Nsooba utafura, maji yatapanda vibarazani, na njia, mtaro na shimo la taka vyote vitalala chini ya maji ya rangi moja, rangi ya chai ya maziwa. Hapo ukumbi wako umekamilika na hujatoa hata shilingi.

Unadhani natania. Basi sikiliza walivyofanya Waingereza. Mwaka 1987 televisheni ya Anglia, mjini Norwich, ilianza kurusha kipindi cha watoto kiitwacho Knightmare, alichokibuni bwana mmoja Tim Child. Mtoto anavishwa kofia kubwa ya vita inayomziba macho, anaingizwa ndani ya ngome yenye majoka, wachawi na mashimo yasiyo na mwisho. Wenzake watatu wamekaa pembeni, wanamwona kwenye skrini, wanamwongoza kwa mdomo tu: tembea mbele, simama, hatua moja kushoto. Njiani anakutana na sura kwenye kuta zinazomtegea mafumbo, na akikosa huenda safari ikaishia hapo. Ngome yenyewe haikuwepo. Mtoto alikuwa akipapasa ndani ya chumba kitupu kilichopakwa buluu, na mitambo ikaweka mahali pa ile buluu picha za vyumba alizochora David Rowe. Rangi, mitambo, mafundi, wachoraji: gharama yote hiyo ili mtoto wa Kiingereza asijue anakanyaga wapi!

Sasa mchukue Tim Child umsimamishe barazani Bwaise III, saa moja ya asubuhi ya siku ya shule, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Ataona mtoto wa darasa la tatu, viatu mkono mmoja, begi kichwani, maji magotini. Mguu unapotua haoni. Barazani amesimama mama yake, kwenye kona yupo kijana wa chapati, na dirishani jajja, yaani bibi, wa nyumba ya tatu, na wote wanapiga kelele kwa pamoja, mmoja “kkono!”, yaani kushoto, wa pili “ddyo!”, yaani kulia, wa tatu anamwita tu kwa jina la Mungu. Mtoto anasimama. Anapima nani kati ya hao watatu aliwahi kumdanganya siku za nyuma. Kisha anatoa mguu.

Katika miaka minane ya Knightmare, hadi ilipofungwa 1994, ni timu nane tu zilizofika mwisho na kushinda. Baadhi ya wengine walianguka kwa sababu ambayo mkazi yeyote wa Bwaise angeitabiri, kwamba mshauri alisema kushoto akimaanisha kulia.

Mvua ikishapatikana, tafuta ngome. Usijenge. Ngome za Bwaise zilijengwa zamani, nazo ni vyoo. Hapa huwezi kuchimba choo kwenda chini, kwa sababu ukipiga jembe mara chache tu maji yanakupokea. Kwa hiyo choo hujengwa kwenda juu. Shimo linakuwa chumba cha matofali juu ya ardhi, juu yake ndiyo pa kuchutama, na ngazi za saruji zinapanda hadi mlangoni. Mafuriko yakija, kila kitu mtaani kinazama isipokuwa choo, kimesimama pale na ngazi zake kama kasri la sultani. Ukipiga picha kutoka chini, mawingu yakiwa mazito nyuma yake, hakuna mtoto wa Norwich atakayekuuliza ni nini.

Ila weka mlinzi. Sisi, tulipokitengeneza chetu, hatukuweka. Mshindani wetu wa kwanza, msichana wa miaka kumi, alikuwa amefika ngazi ya nne, ametoa upanga wa mti, anatamka kwa sauti ya kutetemesha kwamba mwenye ngome ajitokeze. Mlango ukafunguliwa. Akatoka mzee mmoja mpangaji, gazeti kwapani, akasimama akatutazama sote, kamera na mwamvuli na mazimwi. Akasema, “Nimetoka, ssebo. Ingieni.” Hiyo ndiyo sehemu bora kuliko zote tulizorekodi na ndiyo iliyokataliwa ya kwanza.

Baada ya ngome anatakiwa mwenye ngome, yule anayewakaribisha watoto na kuwacheka wakifa. Katika kile kipindi cha Kiingereza alikuwa Treguard, akiigizwa na Hugo Myatt, mtu wa ndevu na sauti ya chini ya kaburi. Wewe usitafute mwigizaji. Waigizaji wa Kampala watakuomba nauli ya bodaboda kutoka Ntinda na chakula cha mchana. Nenda kwenye kibanda cha video. Unakifahamu: mabenchi, pazia jeusi, joto la tanuri, spika mlangoni inayomtapikia mpita njia risasi za bure. Humo utamkuta VJ, anayekaa na maikrofoni akiifasiri filamu ya Kichina au ya Kimarekani kwa Kiganda wakati inaendelea. Msomaji wa Tanzania amkumbuke Lufufu, kisha amwongezee pilipili. VJ wa Kampala hafasiri tu. Anamkemea muuaji, anamtongozea shujaa, anatangaza duka la jirani linalouza betri, na filamu ikiwa mbovu anakutengenezea nyingine kwa mdomo. Kule Wakaliga, upande wa pili wa jiji, Isaac Nabwana ametengeneza filamu za mapigano kwa bunduki za vyuma chakavu na kitambaa cha kijani, na ile ya Nani Alimuua Kapteni Alex ya 2010 ilizunguka dunia nzima, sauti ya VJ Emmie ikiwa juu yake mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo usiniambie bajeti.

VJ ana kasoro moja tu, na uijue mapema: hawezi kukaa na jibu tumboni. Tulimpa atege kitendawili cha nyumba isiyo na mlango, kisha anyamaze. Mtoto kainamisha kichwa, anawaza. Kimya kizuri kabisa cha televisheni. VJ sekunde ya tatu akalipuka: “Mtoto anafikiriiii! Hajui kwamba ni yai! Yai linamjia kama treni ya Kasese, mama yangu, atajificha wapi!” Tukamwomba asubiri. Kitendawili cha pili akasubiri kweli, jasho likimtoka, kisha akamnong’oneza mtoto huku maikrofoni ikiwa wazi.

Kofia sasa. Chukua jerikeni la njano la lita 20, lile lile la maji, la mafuta ya kupikia zamani. Likate chini na usoni ukiacha mkono wake uwe pembe. Kofia ya bodaboda tuliijaribu tukaiacha, maana watoto hawakuitambua. Huku wengi wanaijua kama kitu kinachoning’inia kwenye usukani trafiki asipokuwepo. Jerikeni linatambulika na kila mtu, na mtoto akilivaa anasikika kama anasema kutoka kisimani. Lisafishe lakini. Letu halikusafishwa vizuri, na shujaa wetu akapita mbele ya joka ananukia viazi vya kukaanga, na mbwa wawili wakamfuata hadi mwisho wa ngome.

Zimwi usilinunue wala usilishone. Shuka mtaroni maji yakipungua, uchukue unachokikuta, yaani kaveera, mifuko ya plastiki. Fungia mifuko mia mbili juu ya nguo kuukuu, nyeusi chini, ya buluu mabegani, uache ya maziwa ipeperuke usoni. Likitembea linachakacha, na likilowa linatoa harufu ambayo hakuna studio imewahi kuimudu. Zuri zaidi ni historia yake. Kaveera nyepesi ilipigwa marufuku Uganda kwa sheria ya mwaka 2009, na sheria ya mazingira ya 2019 ikairudia tena, nayo ipo, inaziba mfereji, inarudisha maji majumbani, inafungiwa nyanya pale Kalerwe asubuhi hii hii. Niambie zimwi gani katika hadithi zote za pwani na bara limeuawa mara mbili na serikali na bado linaenda sokoni. Mwaka ule ule wa 2009 barabara ya mchepuko wa kaskazini ilifunguliwa, kilomita 21, ikipita juu ya kinamasi cha Lubigi, na wazee wa hapa watakuapia kwamba tangu hapo maji hayajui tena njia ya kwao. Ukitaka zimwi la pili, lipo hilo. Ila halibebeki.

Kuhusu shirika litakalojitokeza kukufadhili: litajitokeza. Litakuja na fulana. Litapenda kila kitu, kisha litaomba zimwi liwe na ujumbe. Letu liliombwa linawe mikono kwa sabuni kwa sekunde 20 kabla ya kula mtoto. Tukafanya hivyo. Watoto waliotazama walitokea kulipenda zimwi, wakasema lina adabu kuliko walimu wengine.

Nifike kwenye chakula, ambapo ndipo kipindi chetu kilipozama.

Katika Knightmare mshindani alikuwa na mkoba begani. Akiokota chakula ngomeni anatumbukiza mkobani, na uhai wake unarudi. Asipookota, kwenye skrini inaonekana sura ya shujaa ikinyauka polepole, ngozi ikibanduka hadi fuvu. Watoto wa Uingereza waliogopa sana ile sura. Mwandishi wa mwongozo huu aliona hapo kuna busara, akaagiza vikomando vitano. Kikomando, kwa msiokijua, ni chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharagwe, chakula cha mtu mwenye fedha kidogo na njaa ya jeshi. Kila kimoja kikafungwa, kikafichwa ngomeni, na sheria ikasomwa kwa sauti: chakula hiki ni cha uchawi, kinatiwa mkobani, hakiliwi.

Mshindani akaingia na jerikeni lake. Akaambiwa hatua tatu mbele. Akazipiga. Akaambiwa ainame aokote. Akaokota. Kisha ikawa kimya. VJ naye, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akanyamaza. Kutoka ndani ya jerikeni tukasikia mtu anatafuna taratibu, bila haraka, kama mtu aliyefika nyumbani. Nikamwita: “Mwanangu, kikomando kitie mkobani, uhai wako unakwisha.” Jerikeni likajibu: “Anko, nimeurudisha.”

Ubishi haukuwa upande wangu. Kikomando cha pili aliwagawia washauri wake, waliokuwa wameacha viti vyao na kuja ngomeni kusaidia. Cha tatu kililiwa na zimwi. Kwa hiyo shika ushauri huu: lisha watoto kwanza, washibe hasa, ndipo uwatume kutafuta chakula cha kufikirika. Na kile cha kufikirika kitengeneze kwa mbao.

Maswali. Hapa kuna vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuuliza maswali ya shule. Mtoto wa darasa la saba Uganda anajiandaa kwa PLE, mtihani wa masomo manne, na amekaririshwa mpaka usingizini anajibu. Mwambie joka limemshika binti mfalme, atakuuliza ni alama ngapi. Mwulize nani wa kwanza kuona chanzo cha Nile, atapiga mguu chini atoe jibu kabla hujafunga mdomo: John Hanning Speke, 28 Julai 1862. Msichana wetu wa ngazi ya nne alijibu hivyo, akapewa alama, akageuka kuondoka, kisha akarudi na jerikeni lake akaniuliza kama Speke alipofika Jinja alikuta watu. Nikasema ndiyo, Wasoga walikuwepo. “Walikuwa wamefumba macho?” Swali hilo liweke kwenye kipindi, lakini liulizwe na zimwi, wewe usiwe karibu.

Kishawishi cha pili ni kuiga mafumbo ya Wazungu, majoka na pete na wachawi wenye ndevu, wakati chemshabongo ya kwanza ya nchi hii ilifanyika mbinguni na mwendeshaji wake alikuwa Ggulu mwenyewe. Kila mtoto wa Kiganda anaijua. Kintu alimtaka Nambi, binti Ggulu, na Ggulu akamtegea mitihani. Akamfungia ndani na chakula cha watu mia moja, akitakiwa akimalize. Ardhi ikapasuka, chakula kikaingia shimoni. Akapewa shoka la shaba achanje kuni kwenye mwamba. Akapewa mtungi aujaze umande mtupu. Mwisho akaletewa makundi ya ng’ombe amtambue wa kwake mmoja, na nyuki akamnong’oneza: nitakayetua kwenye pembe yake ndiye. Hebu angalia muundo huo. Kuna raundi nne, ugumu unapanda, kuna mshauri wa pembeni, na zawadi inaeleweka. Hata mtihani wa kula upo, na Ggulu hakuulaumu mlo ulipotoweka ghafla. Mimi ningejifunza kwake mapema, nisingepoteza vikomando.

Ila usisahau kipindi kile kilivyoisha. Kintu na Nambi waliambiwa wasirudi nyuma. Wakakumbuka wamesahau ulezi wa kuku, mmoja wao akarudi, na Walumbe, ambaye ni mauti, akawafuata duniani. Ikabidi nduguye, Kayikuuzi, atumwe kumkamata, watu wote wakiamriwa wakae kimya wasipige ukelele. Wakamwinda hadi kwenye mashimo ya Ttanda, na walipokaribia kumnasa, watoto wakapiga kelele. Ndiyo maana tunakufa. Watoto hao wameshawafundisha Waganda, na sisi wageni wao, kwamba ukisema “kimya, tunarekodi” umechelewa tangu mwanzo wa dunia.

Kuna jambo la lugha. Nilitaka kipindi kiwe cha Kiswahili, maana ndicho ninachokula nacho, na Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliridhia kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Uchochoroni, Kiswahili kwa wazee wengi bado ni lugha ya mwanajeshi kwenye kizuizi, au ya mwizi aliyekuja kuulizia njia. Siku ya kwanza nilipofungua kipindi kwa sauti ya kifalme, “Simama! Nani wewe?”, washindani walifurahi, lakini jajja mmoja aliyekuwa akianika mihogo alinyanyua mikono yote miwili juu na kuiacha pale mpaka mjukuu wake akaenda kuishusha.

Tulipatana kwa vitendawili. Kwa Kiswahili unasema “kitendawili”, wanajibu “tega”. Kwa Kiganda unasema “kkoyi kkoyi”, wanajibu “lya”. Wakishindwa, kwetu mtegaji anadai mji, “nipe mji”, na kwao wanampa kijiji akile, atawale. Hapo hapakuhitaji mfasiri. Hata zawadi zikatatuliwa, kwa sababu miji haina gharama. Mfadhili alikuwa ameahidi mabegi ya shule. Mabegi yakakwama mahali, hatukuyaona. Tukatoa Jinja, Masaka, Mbarara. Mvulana mmoja mwembamba akachukua Mombasa yote kwa kitendawili cha ngoma. Kisha nikashindwa mimi, na aliyenishinda alikuwa tena yule msichana wa jerikeni.

“Nipe mji.”

“Nakupa Bwaise.”

“Anko, sitaki. Kuna maji. Nipe Kololo.”

Kololo ni kile kilima cha mabalozi na bustani. Nikamwambia Kololo siwezi, si yangu. Akaniuliza kama Mombasa ilikuwa yangu. Nikanyamaza, na washauri wake wakaanza kupiga makofi polepole, yale makofi ya uwanjani ya kumdhalilisha refa.

Akina mama nisiwataje? Nitawataja haraka. Wakae mbali na eneo la kurekodia, mita mia hivi. Mama wa Bwaise haamini kwamba mtoto wake amekosa. Anaamini swali limekosewa. Tulikuwa na mama mmoja aliyekuja na vitabu vya mwanawe vya mwaka mzima kuthibitisha kwamba joka halina miguu sita. Tulimpa mwanawe alama. Joka likavuliwa miguu miwili.

Upande wa umeme, nunua Yaka, ndugu yake LUKU, nunua mara mbili ya unavyodhani, kwa sababu waya uliokopeshwa na jirani unalisha pia pasi ya saluni na friji la soda. Tukiwa kwenye swali la mwisho taa ilizimika, na VJ, ambaye hajawahi kushindwa na giza, akaliendesha shindano zima kwa mdomo, akieleza yanayotokea wakati hakuna lililokuwa likitokea. Watoto waliokuwa nje ya ukuta wanaapa hadi leo kwamba waliliona joka likianguka.

Kisha upeleke kazi yako televisheni. Vaa viatu vikavu. Kituo kimoja nilichokiendea kilinipokea kwa heshima, soda nikapewa, na bwana mhusika akatazama dakika nne. Akasema ni nzuri, lakini watoto hawaonekani maskini vya kutosha kwa Bwaise, wanacheka mno. Cha pili kilisema wanaonekana maskini mno kwa kipindi cha burudani. Nikawaza kuwakutanisha. Nikakumbuka pia mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi zisifunguliwe kikamilifu mpaka Januari 2022, masomo yakarushwa redioni na kwenye televisheni, na serikali ikaahidi redio kwa kila kaya na televisheni kwa vijiji. Mtaa wetu televisheni ilikuwa moja, ya fundi cherehani, na dirisha lake lilikuwa na vichwa kumi na tano vya watoto vilivyopangwa kama mafungu ya nyanya, wadogo chini, warefu juu, wakijibu hesabu kwa sauti moja kupitia nondo. Fundi hakuweza kushona. Hakulifunga dirisha. Hao ndio watazamaji, na ndio hao hao washindani, na bwana mhusika hakuniuliza habari zao.

Basi tukakirusha kipindi pale kibandani. Jumapili, kati ya mechi ya Arsenal na filamu ya Kinaijeria, dakika ishirini na mbili. Mwenye kibanda aliwatoza watoto shilingi mia tano kila mmoja kujitazama wenyewe. Nilipolalamika akasema wenye sura zao wangetazama bure kama wangezificha nyumbani. Ilipofika sehemu ya kikomando, sauti ya kutafuna ikajaa kibanda chote kupitia zile spika kubwa, na watu wazima waliokuwa wakisubiri Wanaijeria walisimama juu ya mabenchi. Wakaomba irudishwe. Ikarudishwa mara tatu, na kipindi hakikumalizika, maana muda ulikwisha.

Tulipotoka mvua ilikuwa imeanza bila kuaga. Ile kubwa. Njia yangu ya kwenda barabara ya Bombo ilikwishatoweka, pamebaki maji ya rangi ya chai na taa ya duka la simu ikitikisika juu yake. Mimi ndiye mtengenezaji wa kipindi, nimeipima njia hiyo kwa hatua, nina ramani yake mfukoni. Nikakunja suruali nikaingia. Hatua ya sita nikakuta mtaro ambao kwenye ramani haupo, nikazama hadi kiunoni na ramani pamoja nami.

“Anko!”

Alikuwa juu ya ngazi za choo, ngazi ya nne, amejikinga kwa jerikeni.

“Simama hapo hapo. Usigeuke. Hatua moja kushoto.”

Nikapiga.

“Hiyo ni kulia, anko. Kushoto, kushoto!”

Nikarudi. Nikapiga tena. Chini pakawa pagumu.

“Mbele mbili. Ndogo. Hapo pana jiwe, paruke. Sasa nenda, nenda, nenda… simama.”

Nilikuwa kwenye lami, maji yakinichuruzika, bodaboda tatu zinanigombania. Nikageuka nimshukuru, naye alikwishanyosha mkono, kiganja juu, kupitia mvua yote ile.

“Nipe mji.”

Nikampa Kololo.